Vikosi vya mtandaoni vyataka walezi, si laana

Imekuwa desturi hapa Dodoma kwamba watumishi wanapokutana jioni baada ya kazi, na walimu wanapokaa katika chumba chao wakati wa mapumziko, mazungumzo hayaendi mbali kabla ya kuwafikia vijana na simu zao. Hapo kila mmoja huwa hakimu. Yuko atakayesema kwamba kijana wake hukesha akipiga kelele peke yake chumbani kama mgonjwa wa homa. Yuko atakayetangaza kwamba kizazi hiki kimekwisha kupotea. Wala hakosekani wa kudai kwamba Serikali ipige marufuku michezo hiyo yote kuanzia kesho asubuhi. Hukumu ikishatolewa, chai humalizwa, wakubwa hushika njia zao, na kijana hubaki palepale alipokuwa.

Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo. Hayaipingi kwa sababu michezo ya mtandaoni haina madhara. Madhara inayo, nasi tutayataja bila kuficha. Yanaipinga kwa sababu laana haijapata kumlea mtoto wa mtu yeyote, na kwa sababu sisi tunaolaani ndio hasa tulio na kile kitu ambacho vijana hao wamekikosa.

Ni vema kwanza tukijue tunachokilaani. Sehemu kubwa ya michezo inayopendwa na vijana wetu haichezwi na mtu peke yake, ingawa kwa macho ya mzazi anayechungulia mlangoni yaonekana hivyo. Katika mchezo uitwao PUBG Mobile, watu hadi 100 huteremka kwa miavuli katika eneo moja, kila mmoja akiwa na simu yake na wengine wakiwa nchi za mbali, na eneo la usalama huzidi kupungua mpaka kibaki kikosi kimoja tu. Kikosi hicho huwa cha watu wanne wanaozungumza kwa sauti kupitia simu. Katika michezo mingine, kama Mobile Legends na Dota 2, hupambana watano kwa watano, kila upande ukilinda ngome yake, na kila mchezaji ana zamu na njia yake ambayo akiiacha wenzake wanne huumia.

Kutokana na mahitaji hayo ndipo ilipozaliwa ile jumuiya ambayo vijana huiita klani, nasi hapa tutaiita kikosi. Kikosi huwa na jina lake, nahodha wake, wachezaji wa kwanza na wa akiba, saa za mazoezi na masharti ya kuingia. Kwa maneno mengine, ni chama. Kijana ambaye sisi tunamwona amejifungia na kelele zake, kumbe yuko kazini pamoja na wenzake, na kelele zile ni taarifa anazowapa.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa mahakimu. Kilichonigeuza ni mpwa wangu, aliyenialika jioni moja nikae na kikosi chake katika chumba cha kupanga kule Nkuhungu. Walikuwa vijana wanne: mwanafunzi wa chuo, dereva wa bodaboda, fundi wa simu, na mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha sita akisubiri majibu. Walicheza mechi tatu wakashindwa zote tatu, na hata mimi nisiyejua mchezo niliiona sababu: watu wawili walikuwa wakitoa amri kwa wakati mmoja, huyu akisema tusonge, yule akisema tujifiche. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ndipo yule dereva wa bodaboda, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, akaweka simu chini na kusema: “Kuanzia sasa anayeongoza ni mmoja. Akikosea tutamlaumu baada ya mchezo, si ndani ya mchezo.” Mechi iliyofuata walimaliza wa pili.

Nakiri kwamba katika utumishi wangu nimehudhuria vikao vingi ambavyo kanuni hiyo ya kijana wa bodaboda ingevifaa sana.

Kikosi kile hakipo tena. Baada ya miezi michache kilishinda zawadi ndogo katika mashindano ya vijana wa vyuo na mitaa, nazo fedha zikatumwa katika simu ya mmoja wao. Hapakuwa na mweka hazina. Hapakuwa na daftari. Hapakuwa na makubaliano yaliyoandikwa juu ya nani alipwe nini, nani arudishiwe gharama za bando, na yule wa akiba aliyecheza mechi mbili ahesabiwe vipi. Katika juma moja marafiki wa miaka miwili wakawa hawasalimiani. Nilipomwuliza mpwa wangu, alinijibu: “Mjomba, mchezo haukutushinda. Fedha ndizo zilizotushinda.”

Jibu hilo lilinichoma. Mimi ambaye nimeandika mihutasari ya vikao na kukagua vitabu vya hesabu kwa zaidi ya miaka ishirini sikuwa nimemfundisha mpwa wangu kuandika hata ukurasa mmoja wa katiba. Nilikuwa nimemfundisha kwamba anapoteza wakati. Vijana wale walijizulia wenyewe utii, mgawanyo wa kazi na kujikosoa. Kilichowavunja ni upungufu wa mambo ambayo kila karani wa Dodoma anayajua akiwa amelala. Hapo ndipo ilipo hatia yetu.

Sasa tuzitazame hoja za wapinzani.

Hoja ya kwanza ni kwamba mambo haya ni ya kigeni, hayana asili katika jamii yetu. Wanaosema hivyo wameisahau historia. Mwishoni mwa karne ya 19 katika miji ya pwani ya Kenya ilizaliwa ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Ilivuka ikaingia Tanganyika, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeenea katika miji mingi. Wachezaji walijigawa katika pande mbili kubwa zilizoshindana, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, sare zake na matawi katika miji mbalimbali, na wanachama wa mji mmoja walimpokea mwenzao aliyetoka mji mwingine. Mahali pengi wanachama walisaidiana katika ugonjwa na maziko. Mwanahistoria Terence Ranger aliyaeleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Nao wakubwa wa zama zile walisemaje? Baadhi ya maofisa wa kikoloni waliiogopa beni, na baadhi ya watu wenye heshima zao waliidharau wakaiita upuuzi wa kuiga wageni. Lakini katika upuuzi huo watu wetu walijifunza kuendesha chama kilichovuka mipaka ya kabila na mji. Umbo la mchezo lilikuwa la kigeni; umoja uliojengwa ndani yake ulikuwa wa wenyewe.

Isitoshe, sisi wa nyanda hizi za kati hatuna haja ya kwenda mbali. Kila aliyewahi kuwasikia Wagogo wakiimba na kupiga zeze na marimba, muziki ambao hayati Hukwe Zawose aliufikisha mbali duniani kabla ya kufariki mwaka 2003, anajua kwamba pale hakuna mtu anayejipigia mwenyewe. Kila sauti inasubiri nafasi yake. Ulinganifu ule hautoki katika damu. Unatoka katika mazoezi. Kikosi cha wachezaji watano hakitakiwi kujua jambo lingine zaidi ya hilo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo hatuna budi kuijibu kwa heshima: kwamba michezo hii ni ugonjwa. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeyaingiza matatizo ya kupindukia katika michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Lakini tusome maelezo yake mpaka mwisho. Mgonjwa anayetajwa pale si kila mwenye simu. Ni yule aliyeshindwa kujizuia, aliyeupa mchezo kipaumbele juu ya mambo mengine yote, na anayeendelea hata baada ya kuona unamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Huyo anahitaji daktari na familia, hahitaji mahubiri. Na aliye katika hatari kubwa ya kufika huko ni kijana anayecheza bila saa, bila nahodha na bila mtu wa kumwambia imetosha. Kikosi chenye ratiba ni kinga.

Wengine hupenda kuitaja China, ambayo mwaka 2021 iliamuru watoto walio chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu za taifa. Amri hiyo ilitolewa kweli. Wanachosahau kusema ni kwamba katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika mwaka 2023, michezo ya mtandaoni ilishindaniwa kwa medali katika mashindano saba, na China hiyohiyo ilichukua dhahabu nne. Nchi ile iliwawekea watoto mipaka, na papo hapo ikawafunza watu wazima wake kwa bidii. Korea Kusini, iliyounda chombo cha kusimamia michezo hii tangu mwaka 2000, ilichukua dhahabu mbili, na vijana wake walioshinda wakapewa msamaha katika utumishi wa lazima wa jeshi. Hizo si nchi za wavivu. Mwenye kutaka kuiga China na aige pande zote mbili, asichukue kiboko akaacha ualimu.

Lakini adui wa vijana wetu hayuko upande wa wakali peke yao. Yuko mwingine, naye ni mbaya zaidi kwa kuwa anakuja akitabasamu. Huyo ni muuza ndoto, anayewaambia vijana waache shule na kazi kwa kuwa mchezo utawatajirisha. Hebu tumpigie hesabu. Mwaka 2021 mashindano makubwa ya Dota 2 yaliyofanyika Bucharest yalikuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni 40 za Marekani. Tarakimu hiyo huzungushwa kila mahali. Hawaambiwi vijana kwamba walioshiriki walikuwa timu 18 za watu watano, yaani watu 90 katika dunia nzima. Wala hawaambiwi kwamba kufikia mwaka 2023 zawadi ya mashindano hayohayo ilikuwa imeshuka hadi kama dola milioni 3. Anayejenga maisha yake juu ya hazina ya namna hiyo anajenga nyumba juu ya mchanga wa korongo la Bahi. Masika ikija haipo.

Pamoja na huyo yuko mnyonyaji wa pili, anayemwuzia mtoto masanduku ya bahati ndani ya mchezo. Mtoto hulipa bila kujua atapata nini, akikosa hulipa tena. Ubelgiji iliyachunguza masanduku ya aina hiyo mwaka 2018 ikatamka kwamba ni kamari. Kutoka hapo hadi kubeti ni hatua moja. Kikosi kilichoandika katika masharti yake kwamba hakuna mwanachama atakayebeti juu ya mechi zake, wala kukopa ili anunue mapambo ya mchezo, kimewakinga wanachama wake kuliko hotuba mia za wazazi.

Basi kikosi kizuri kinafunzwaje? Wale waliofika mbali hawakufika kwa kucheza saa nyingi ovyo. Saa mbili zenye mpango zinashinda usiku mzima wa kubahatisha. Kabla ya mazoezi nahodha hutaja jambo moja la kujifunza siku hiyo, kwa mfano namna ya kurudi nyuma bila kutawanyika. Hufuata mechi za mazoezi dhidi ya kikosi kingine kilichokubali, na si dhidi ya watu wa kuokoteza. Halafu huja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kutazama upya mchezo uliorekodiwa, na kila mmoja kutaja kosa lake kabla hajataja la mwenzake. Maneno ya mchezoni hufupishwa: adui wangapi, wako wapi, tufanye nini. Matusi na malalamiko hupigwa marufuku, kwa kuwa huziba masikio ya wenzake. Wa akiba huchezeshwa kweli, si kuwekwa kama pambo. Na usingizi huhesabiwa kuwa sehemu ya mazoezi, maana kidole cha aliyekesha huchelewa.

Tena kikosi cha Dodoma kina shida zake ambazo nahodha wa Seoul hazijui. Mawasiliano yetu husafiri kwa Mkongo wa Taifa hadi pwani, kisha huingia katika nyaya za chini ya bahari. Seva ikiwa umbali wa kilomita 6,000 za waya, kwenda na kurudi ni kilomita 12,000. Na kwa kuwa mwanga ndani ya nyuzi hizo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, zimekwisha kupotea milisekunde 60 kabla hatujahesabu mitambo ya njiani. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa mwendokasi ambao darasa halitausahau, ameupata hapo. Kikosi chenye akili huchagua mtindo wa mchezo unaovumilia uchelewefu huo, hakitegemei kumzidi mpinzani kwa wepesi wa kidole. Na ilipofika tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchini, ilidhihirika ni kikosi kipi kilikuwa chama na kipi kilikuwa simu tu. Chama hukutana hata siku isiyo na mtandao. Huchora ramani ya mchezo juu ya karatasi, hujadili, hata hucheza bao, mchezo unaomfunza mtu kuhesabu mbali kabla ya kugusa kete.

Neno moja pia juu ya wasichana. Binti anayejaribu kucheza hukutana na matusi mara tu sauti yake inaposikika, na wengi huamua kunyamaza au kuacha kabisa. Hiyo ni aibu. Jirani zetu Wakenya wana Sylvia Gathoni, maarufu kwa jina la Queen Arrow, mchezaji wa Tekken aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018. Katika mkoa huu, ambako wanawake ndio wapigaji wa ngoma ya muheme, hakuna mwenye haki ya kusema kwamba mwanamke hawezi kushika mdundo wa kikosi. Sharti la kumsimamisha mwanachama anayetukana wasichana liwemo katika kila katiba, nalo litekelezwe.

Sasa tunatakiwa tufanye nini? Hatutakiwi kujifunza kucheza. Mtumishi wa Mtumba mwenye nywele nyeupe hatakiwi kuruka kwa mwavuli. Tunatakiwa kutoa tulicho nacho. Ofisa wa fedha na akae jioni moja na kikosi cha mtaa wake, awafundishe daftari la mapato na matumizi na namna ya kufungua akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Ofisa sheria na awasaidie kuandika katiba ya kurasa tatu: nani mwanachama, nani huchaguliwa na kwa muda gani, zawadi hugawanywaje, mgogoro huamuliwa na nani. Wenye nia ya kuendelea waelekezwe kwa ofisa michezo na kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, wakaulize njia ya kutambuliwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye wataalamu wa kompyuta na vijana maelfu, na vyuo vingine vya mji huu, vinaweza kutoa ukumbi mwishoni mwa juma, mahali penye mwanga na watu wazima, badala ya kuwaacha vijana wafungiane katika vyumba vya kupanga. Treni ya mwendokasi iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 imeusogeza mji wa Dar es Salaam na wa Morogoro. Hakuna sababu vikosi vya miji mitatu visikutane ana kwa ana, vishikane mikono, vishindane.

Kwa walimu mipaka iwe wazi. Simu haina nafasi mikononi mwa mwanafunzi saa za masomo, na makala haya hayaombi ibadilishwe kanuni hiyo. Lakini mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake ni nahodha wa kikosi wakati wa likizo anaweza kumwuliza anapangaje ratiba, anaamuaje ugomvi, anaandikaje kumbukumbu. Kwa maswali hayo matatu atakuwa amemwonyesha kijana kwamba anachokifanya mchezoni ni uongozi, na kwamba uongozi una wajibu. Akimwuliza pia masomo yake yakoje, kijana atamsikia.

Wakulima wetu wa zabibu wanalijua jambo hili kuliko sisi wa ofisini. Mzabibu usiopogolewa huota majani mengi na kuzaa kidogo. Mkulima hasimami mbele ya mzabibu wake kuulaani kwa kuwa unatambaa. Kutambaa ndiyo asili yake. Huchukua mkasi, huusimamishia nguzo, huufunga waya, naye huvuna.

Vijana wetu wamekwisha kutambaa mpaka mtandaoni, na huko wamejiundia vyama bila msaada wetu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawa wanacheza kwao, chini ya paa zetu, na hadi leo tuzo tuliyowapa ni dharau. Wiki hii kila mtumishi na kila mwalimu amtafute kijana mmoja wa kikosi, amwulize swali moja tu: daftari lenu la hesabu liko wapi? Akikosa jibu, basi akae naye chini waanze ukurasa wa kwanza.